Maswali na Majibu: Boti Ziende Mwendo Gani Penye Watu?

Msimu wa watu kwenda visiwa vilivyo karibu na Dar es Salaam umewadia, na maswali mengi tuliyopokea yanahusu boti za mwendo kasi. Tumechagua machache, na mengine tumeyafupisha.

Kila tukienda Bongoyo na watoto, boti hutupita kwa kasi ya kutisha. Je, hakuna mwendo uliowekwa ambao nahodha hapaswi kuuvuka? (Msomaji, Mikocheni)

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizopitishwa mwaka 1972, hazitaji namba yoyote. Kanuni ya 6 inamtaka kila nahodha aende kwa mwendo salama, yaani mwendo unaomwezesha kuchukua hatua na kusimama kwa wakati, akizingatia umbali anaoweza kuona, wingi wa vyombo vilivyomzunguka, wepesi wa chombo chake kugeuka, hali ya upepo na mkondo, pamoja na kina cha maji. Usiku anatakiwa pia kuzingatia taa za nchi kavu zinazomwangaza machoni. Hili la mwisho linatuhusu sana, kwa sababu anayerudi Msasani giza likiwa limeingia huwa na taa za Masaki mbele yake, na kitaa cha mvuvi mmoja hupotea kabisa katikati ya hizo.

Ndugu yangu anaishi New Hampshire, Marekani, na anasema kule watu waligombana miaka mingi kuhusu mwendo wa boti ziwani. Waligombania nini hasa, na nani alishinda? (Msomaji, Upanga)

Ziwa lenyewe ni Winnipesaukee, kubwa kuliko yote katika jimbo hilo. Mwaka 2009 iliwekwa sheria ya majaribio: maili 45 kwa saa mchana, ambazo ni kama kilomita 72, na maili 30 usiku, kama kilomita 48. Mwaka uliofuata ikafanywa ya kudumu, kwa hiyo waliotaka ukomo ndio walioshinda.

Wapinzani walikuwa na hoja nzito, na si haki kuwaita walevi wa mwendo. Walisema jimbo tayari lilikuwa na kanuni inayolazimisha boti kutembea polepole, maili 6 tu kwa saa, ikiwa ndani ya futi 150 kutoka kwa mtu, chombo kingine au ufuko, na kwamba kinachokosekana ni askari wa kuisimamia. Walitaja pia upimaji wa rada uliofanywa na askari wa majini mwaka 2007, ambao ulikuta boti chache sana zikivuka maili 45. Kwa nini basi itungwe sheria dhidi ya jambo ambalo karibu halipo?

Jibu la upande wa pili ndilo lililonishawishi. Wenye makasia, mitumbwi na vyombo vidogo vya tanga walisema rada huhesabu waliopo ziwani, haiwahesabu walioogopa wakabaki nyumbani. Boti moja ya kasi inatosha kuwaondoa watu wengi kwenye maji, na katika kitabu cha takwimu siku hiyo itaandikwa kuwa ya amani. Hata hivyo, ningeulizwa kipi cha kuiga kwanza, ningechagua ile kanuni ya futi 150, kabla ya namba ya maili 45.

Mimi ni mvuvi wa ngalawa. Boti ikinipita kwa kasi kubwa mawimbi yake ni madogo, ikipunguza mwendo kidogo ndipo nusura nipinduke. Mbona mnasisitiza wapunguze? (Mvuvi, Kunduchi)

Uliyoyaona ni kweli, mzee wangu, na wanaotunga kanuni mezani hulisahau jambo hili. Boti ikienda polepole hukaa ndani ya maji na kuyasukuma kidogo tu. Ikienda kasi sana hupanda juu ya maji na kuteleza. Kati ya hali hizo mbili kuna mwendo mbaya kuliko yote, ambapo omo, yaani mbele ya boti, imeinuka, tezi, yaani nyuma yake, imezama, na chombo kinalima maji kwa uzito wake wote. Hapo ndipo wimbi linakuwa refu kuliko wakati mwingine wowote, na wimbi lililozidi mara mbili kwa urefu wa kwenda juu hubeba nguvu mara nne. Likija ubavuni, linainua tengo moja, yaani ubao wa pembeni wa ngalawa, na kulizamisha la pili kabla hujageuza kasia.

Kwa hiyo nahodha anayepunguza nusu kwa heshima anakudhuru bila kujua. Anapaswa kupunguza kabisa, tena mapema akiwa bado mbali, mpaka omo ishuke na wimbi la nyuma yake lipotee, ndipo akupite. Kumbuka pia kwamba ukiwa umetweka tanga, boti ya mashine ndiyo yenye wajibu wa kukupisha, ingawa sikushauri utegemee wajibu huo inapokuja imekuelekea.

Nimenunua boti ya mashine mbili kwa fedha zangu. Kwa nini nibanwe kwa sababu ya wasiojua kuendesha? Si elimu ingetosha? (Mwenye boti, Masaki)

Elimu inahitajika, lakini haibadilishi hesabu. Kwa kilomita 72 kwa saa, boti hukata mita 20 kila sekunde. Kichwa cha mwogeleaji kati ya mawimbi hakizidi ukubwa wa nazi, na boti haina breki. Ukimwona akiwa mita 40 mbele, una sekunde mbili za kutambua, kuamua na kugeuza usukani, na rafadha, yaani panga la mashine linalozunguka majini, bado iko nyuma yako.

Nakubaliana nawe kwamba ukomo mmoja kwa maji yote unaweza kuwa mkali kupita kiasi. Katika ziwa Windermere, Uingereza, tangu mwaka 2005 hairuhusiwi kuzidi maili 10 za baharini kwa saa, ambazo ni kama kilomita 18 na nusu, na kwa mwendo huo mchezo wa kuteleza kwa kuvutwa na boti hauwezekani tena. Walioupenda walilazimika kuhama. Sisi tuna bahari wazi nje ya visiwa, na huko sioni sababu ya kukubana, ila ukikaribia ufuko wa Mbudya uiweke mashine katika mwendo wa chini kabisa.

Askari atajuaje nani amezidi mwendo, bila rada? (Msomaji, Kawe)

Kwa kuangalia maboya. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, yaani yanayolindwa kisheria, tangu mwaka 1975, na wageni hulipa kiingilio, kwa hiyo kupanga maboya ya rangi kuzunguka sehemu za kuogelea ni jambo linalowezekana. Boti iliyoinua omo ndani ya maboya imekosa, na hata aliyekaa ufukoni anaweza kutoa ushahidi.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi na ninaogelea kila Jumamosi. Nifanye nini nionekane? (Msomaji, Mbezi Beach)

Marahaba. Vaa kofia ya rangi ya chungwa au njano, kokota boya dogo lililofungwa kiunoni, na uogelee sambamba na ufuko, usielekee kina kirefu. Jua likianza kuzama toka majini, kwani nahodha anayerudi kutoka visiwani saa hiyo huwa na jua machoni.