Dodoma hadi Dar kwa ndege: mbona saa nzima?

Swali: Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 390 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya mapangaboi hufika kilomita 600 kwa saa. Mbona tiketi yangu imeandikwa saa nzima?
Msomaji, Area C, Dodoma

Jibu: Hesabu yako inatoa dakika 39, lakini hizo ni za ndege ambayo tayari iko angani na kasi imekamilika. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa. Ongeza mwendo wa kwenda kwenye njia ya kurukia, kupanda juu, kupunguza kasi wakati wa kushuka, na kule Dar, kwenye ndege nyingi, pengine kuzunguka angani kusubiri zamu ya kutua.

Wengi hukwamia ardhini. Uwanja wa Dodoma uko mjini, ila wa Dar uko kama kilomita 12 kutoka Posta, na foleni ya Barabara ya Nyerere haina huruma. Kama unaunganisha safari ya nje kwa tiketi tofauti, utachukua mzigo mwenyewe Jengo la Pili na kuhamia Jengo la Tatu. Tafadhali, acha angalau saa nne katikati.