Fonti na rangi za stika za chekechea: usije ukampoteza ng'ombe kama mimi

Mkuu, umesema mwalimu wa chekechea amekupa oda ya stika za majina na za kupongeza, na unatafuta fonti inayochezacheza na rangi zilizopoa, zile hafifu. Wadau wamekutajia fonti nyingi, sawa, ila hakuna aliyekuuliza kama hao watoto wanajua kusoma au ndiyo wanaanza. Mimi nilipigwa hapo hapo.

Oda yangu ya kwanza ya shule ilikuwa stika za wanyama, picha juu, jina chini. Nikapakua fonti ya bure, herufi zinayumba kama zimepanda bodaboda kwenye makorongo. Nyumbani kila aliyeziona alicheka, nikajua nimepatia. Nikachapa karatasi 40 za A4. Mwalimu akazipitia moja moja, akafika kwenye ng'ombe, akanyamaza. "Kaka, ritifaa iko wapi?" Haikuwepo, ile alama ya juu kwenye ng'. Fonti yenyewe haikuwa nayo, mahali pake palikuwa nafasi tupu. Mbaya zaidi, wakati napanga niliuona ule mwanya kati ya g na o, nikadhani herufi zimeachiana, nikazisogeza kwa mkono wangu mwenyewe. Mtoto anayefundishwa kwamba ng' ina sauti yake, unampa "ngombe"!

Hakuishia hapo. Akaniwekea kidole kwenye herufi a. "Hii ya kitabuni, yenye mkia juu, watoto wangu bado hawaijui. Mimi nawaandikia duara na kijiti." Nikarudi nazo, karatasi zote 40, hasara yangu.

Tangu siku hiyo, fonti yoyote kabla sijaipenda naiandikia sentensi moja: Ng'ombe wa Ilala ana ndama 1. Angalia ritifaa ipo na inaonekana. Angalia a na g kama ni zile za ubaoni. Halafu tazama "Ilala": kwenye fonti nyingi I kubwa na l ndogo ni kijiti kile kile, na 1 nayo inataka kuwa ndugu yao. Ikifeli popote, naifuta hata iwe nzuri kiasi gani.

Inayofaulu bila shida ni Andika. Ndiyo, inaitwa hivyo, jina limetoka kwenye Kiswahili chetu. Waliitengeneza SIL, shirika la mambo ya lugha, mahsusi kwa wanaojifunza kusoma, na leseni yake inakuruhusu kuitumia bure hata kwenye kazi ya biashara. Haichezi sana, nakubali. Comic Sans watu wa usanifu wanaicheka tangu zamani, lakini a yake ni duara na kijiti, na mwalimu hana ugomvi nayo.

Kucheza sasa kuweke kwenye neno kubwa la pongezi. "HONGERA!" au "SAFI SANA!" mtoto halisomi herufi kwa herufi, analitambua kama picha. Hapo tumia fonti nene ya mviringo kama Fredoka, ipinde kama upinde wa mvua, iinamishe, fanya fujo. Jina la mtoto liache limetulia. Fonti mbili kwenye stika moja zinatosha, ya tatu ni kelele.

Rangi. Kosa la wengi, na mimi nimo, ni kudhani rangi zilizopoa maana yake kila kitu kipoe. Niliwahi kuandika majina kwa waridi juu ya krimu, kwenye kompyuta yanapendeza kama keki. Yalipotoka kwenye printa ilibidi niyatafute kwa kugeuzageuza karatasi kwenye mwanga. Kioo cha kompyuta kinawaka chenyewe, karatasi haiwaki. Na rangi iliyopoa kwenye uchapaji ni wino kidogo tu, vidoa vidogo vilivyoachana huku weupe wa karatasi ukichungulia katikati. Njano ya asilimia 20 juu ya karatasi nyeupe ni kama hujachapa kitu.

Kwa hiyo poza mandhari: pichi, bluu ya asubuhi, kijani cha embe bichi lililomenywa. Herufi ziwe za giza, bluu ya wino au kahawia iliyokolea. Usiandike jina dogo kwa rangi hafifu hata mteja akikubembeleza, kwa sababu vile vidoa vinafanya kingo za herufi ziwe kama zimetafunwa. Na chapa karatasi moja ya majaribio kwenye stika ile ile utakayotumia, tena ukiweka laminesheni (plastiki ya kufunika juu) kabisa, maana nayo inabadilisha sura ya rangi.

Suala la waridi kwa wasichana na bluu kwa wavulana niliachana nalo. Nilimpa Amani waridi, kumbe ni dume la shoka la miaka minne. Siku hizi nachanganya, kila mtoto achague.

Kukata: acha ukingo mweupe wa milimita 3 kuzunguka picha, mkasi au plota (mashine ya kukatia) ikiyumba kidogo isile sikio la sungura. Duara la sentimita 5 linakupa stika 15 kwenye A4 ukiacha nusu sentimita katikati. Likiwa 4.5 unapata 20, piga hesabu zako kabla ya kutaja bei. Kama zitabandikwa kwenye chupa za maji, epuka wino wa maji usiofunikwa, kuosha mara moja tu jina linachuruzika.

Ukishapanga, piga picha ile stika ya ng'ombe uiweke hapa tuione kabla hujachapa zote.