Baba ana Fakta V Leiden: binti atumie vidonge?

SWALI: Mume wangu, Mholanzi, alipata bonge la damu mguuni. Kipimo kimeonyesha nakala moja ya jeni ya Fakta V Leiden, hitilafu ya kurithi inayofanya damu igande kwa urahisi. Binti yetu wa miaka 17 anataka vidonge vya uzazi wa mpango. Je, ni salama? – Msomaji, Rotterdam

JIBU: Asubiri kwanza. Uwezekano wa kurithi kwa baba ni nusu kwa nusu, na kipimo cha jeni kinajibu moja kwa moja.

Fakta V ni protini inayoharakisha kuganda kwa damu. Protini C, ikisaidiwa na protini S, huikatakata ili kazi ikome. Katika aina iliyoelezwa mjini Leiden mwaka 1994, asidi amino (kipande cha kujengea protini) iitwayo arjinini katika nafasi ya 506 imegeuka nyingine, glutamini. Hapo ndipo protini C hukata kwanza, hivyo breki inachelewa. Vidonge vyenye estrojeni huongeza fakta za kugandisha na kushusha protini S: breki mbili zinalegea pamoja. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, nasi tungeanzia hapo. Vidonge vya projestini pekee pia hufaa.

Daktari akitaka kupima na protini nyingine, wakati ni muhimu. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hushusha protini C na S; ujauzito hushusha S; heparini, dawa nyingine ya aina hiyo, hushusha antithrombini, protini nyingine inayozuia kuganda. Watu wengi wamebandikwa upungufu wasio nao kwa sababu hiyo. Kipimo cha jeni hakiathiriwi na dawa hizo.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ni hospitali siku hiyohiyo.