Madonge ya soseji na chizi ya kuandaa mapema

Umesema madonge yako hutoka makavu, na unataka kuyaandaa siku kadhaa kabla ya sherehe. Ukavu huo mara nyingi ni unga kuzidi. Chukua nyama mbichi ya soseji gramu 450, chizi ya cheddar gramu 300, unga wa ngano gramu 200 na bekin pauda vijiko 2 vya chai. Kwaruza chizi mwenyewe. Ya pakiti iliyokwaruzwa tayari hupakwa wanga, haishikani vizuri. Kanda kwa mkono hadi usione unga mkavu; mchanganyiko ukimomonyoka, ongeza maziwa kijiko kimoja. Viringa madonge ya sentimita 3, yagandishe kwenye trei yasigusane, ndipo uyatie kwenye mfuko na kuyarudisha kwenye friza. Siku ya sherehe usiyayeyushe: oka kwa nyuzi 190 za Selsiasi, dakika 25 hivi, katikati pafike nyuzi 71.