Barua kwa mwanangu: yule wa wafuasi 37

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi nikiwa na miwani. Unasema ulieleza jambo kwenye ukurasa wako, akatokea mtu akakusahihisha mbele za watu. Ukafungua ukurasa wake, ukakuta ana wafuasi 37. Ukamjibu, "Kwanza katafute wafuasi, ndipo uje kunifundisha." Watu wakacheka, laiki zikamiminika, naye akanyamaza kimya. Sasa usingizi hauji, unaniuliza: "Baba, nilikosea? Mbona kila mtu anafanya hivyo?"

Ulikosea, ndiyo. Ila kuna kitu nimekitafuta kwenye ujumbe wako sijakiona: alichosema yule bwana kilikuwa kweli au si kweli? Hiyo 37 umeitaja mara nne. Alichokusahihisha hujakitaja hata mara moja. Namba imekuja ikakalia kiti cha jibu, nawe hukushtuka.

Nami si msafi. Paa letu la zege lilipoanza kuvuja, sikukuambia yote. Niliangalia video ya fundi mmoja mwenye wafuasi laki tatu na ushee. Anaongea vizuri, ana taa nzuri, glovu zake mpya kabisa. Akapaka rangi ya kuzuia maji juu ya zege lililonyeshewa asubuhi ileile, akasema kazi imekwisha. Chini ya video, mtu mwenye picha ya paka akaandika: "Usipake zege likiwa na unyevu. Jua likiwaka, unyevu utatafuta pa kutokea na rangi itainuka." Nikabonyeza jina lake. Wafuasi 61. Nikacheka peke yangu sebuleni, nikapanda juu kupaka. Wiki tatu hazijaisha, paa lina malengelenge kama mguu uliomwagikiwa maji ya moto. Ukiyakanyaga yanapasuka, na ndani yake kuna maji. Mama yako hakusema neno. Afadhali angesema.

Nimejiuliza sana nilicheka nini. Yule mtu alinipa sababu yake nzima, sentensi mbili, kitu ambacho hata mtoto angeweza kukipima kwa kugusa zege kwa kiganja. Fundi wa laki tatu hakunipa sababu yoyote. Bado nilimwona fundi kuwa ndiye mwenye uzito, kwa kuwa watu wamemzunguka.

Tabia hii ni ya kale kuliko simu. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Stanley Milgram na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kando ya barabara yenye watu wengi mjini New York. Mtu anasimama, anakodolea macho dirisha la ghorofa ya sita lisilo na jambo lolote. Alipokuwa mmoja, wapita njia 4 katika kila 100 walisimama naye. Walipokuwa 15, walisimama 40. Dirisha ni lilelile.

Na ukishaweka namba mbele ya watu, namba inaanza kuzaa. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walitoa matokeo ya jaribio lingine: watu zaidi ya 14,000, nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wengine walichagua nyimbo bila kuona namba yoyote. Wengine waligawanywa makundi 8, na kila kundi likaoneshwa ni wangapi wa kundi hilo walioupakua kila wimbo. Walioona namba waliurundikia wimbo uliotangulia, na uliotangulia huku haukuwa uliotangulia kule. Kuna wimbo mmoja ulioshika nafasi ya 1 katika kundi moja na ya 40 katika kundi jingine. Hebu fikiria: wimbo uleule, sauti ileile, ila wale wachache wa mwanzo waligeukia upande mwingine. Kwa hiyo ukimwona mtu ana wafuasi laki tatu, sehemu ya hao wamekuja kwa sababu aliwahi kuwa na laki mbili.

Wahenga walisema wengi wape. Nadhani walikuwa wanazungumzia ugomvi wa kugawana, si swali la nani anajua.

Wale wa kununuliwa sitawazungumzia sana, unawajua kuliko mimi. Desemba 2014 Instagram ilipofagia akaunti bandia, watu maarufu walipoteza mamilioni kwa siku moja. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliichukulia hatua kampuni iitwayo Devumi iliyokuwa ikiuza wafuasi hewa; oda za Twitter peke yake zilizidi 58,000. Kilichonichekesha ni wateja wenyewe: waigizaji, wanamichezo, wanasheria, na wale wahamasishaji wanaotufundisha kujiamini.

Lakini tuseme wafuasi wote ni watu wa kweli, wenye pumzi. Bado hujui wamemfuata kwa lipi. Mmoja kwa vichekesho, mwingine kwa sura, mwingine alibonyeza miaka sita iliyopita akasahau, mwingine anamfuata ili amsengenye. Wote wanahesabiwa kapu moja. Mwaka 2010 mtafiti Meeyoung Cha na wenzake walichambua akaunti zaidi ya milioni 50 za Twitter, wakakuta kwamba wenye wafuasi wengi si lazima ndio ambao maneno yao yanasambazwa na wengine. Kufuatwa ni jambo moja, kusikilizwa ni jingine. Na hata kusikilizwa bado si kujua.

Usinielewe vibaya, sisemi namba haina kazi. Anayetafuta mtu wa kumtangazia bidhaa lazima ajue tangazo litafika kwa wangapi, na hapo nami ningeuliza. Wala sisemi kila mwenye wafuasi wachache ni mwanazuoni aliyejificha. Wengi wao ni watu wa kawaida wenye makosa ya kawaida, kama baba yako mwenye wafuasi 19, ambao wewe ni mmoja wao na dada yako alishajitoa.

Sasa ule mstari wa mwisho, uliouandika kana kwamba si muhimu: kwamba hata wewe "si kitu", una 2,300 tu na karibu wote unaowafuata wamekupita. Mama, hilo ni hesabu tu. Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alionesha kwamba watu wengi wana marafiki wachache kuliko marafiki zao walivyo nao, kwa sababu rahisi: mwenye marafiki wengi anaonekana kwenye orodha za watu wengi. Kwenye mitandao ni hivyohivyo. Mwenye wafuasi milioni yumo kwenye orodha za watu milioni, wa 37 yumo kwa watu 37. Kwa hiyo orodha ya unaowafuata lazima ijae vigogo, na hivyo ndivyo inavyoonekana kwenye simu ya karibu kila mtu, pamoja na ya huyo unayemwonea wivu. Nahisi kwamba ulichomtupia yule bwana ndicho unachojitupia mwenyewe kila ukifungua simu.

Kwa hiyo rudi ukasome maneno yake. Funika jina na picha kwa kidole gumba kama lazima. Akiwa amekosea, mwoneshe alipokosea, kwa hoja. Akiwa sahihi, rekebisha na umshukuru palepale ulipomcheka, siyo faraghani.

Mimi yule wa paka nilimrudia. Nilikwangua rangi yote siku mbili, kisha nikamwandikia kwamba alisema kweli na nilimpuuza. Hakunisimanga. Alijibu kwa swali, kama paa limekauka, nikasema nadhani. Akaniambia nisidhani: nichukue kipande cha nailoni safi, nikibandike juu ya zege kwa utepe wa gundi pande zote nne, nikiache mpaka kesho yake, kisha nitazame upande wa chini.

Nimekibandua leo asubuhi kabla ya kukuandikia. Bado kina jasho.

Baba yako