Kabla hujalipia mashine ya kufulia, uliza kama pipa lake linafunguka

Jumamosi nilipata ujumbe wa mdogo wangu mmoja wa Muheza. Amejikusanyia laki tisa, anataka kuanza kufua shuka za nyumba za wageni kama ninavyofanya mimi hapa Raskazone, Tanga. Ameona mashine mbili: moja mpya, mlango mbele, ina kioo cha namba na programu 15. Nyingine ni mtumba kutoka Uingereza, imekwaruzika ubavuni. Achukue ipi? Nilimjibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na shuka 40 za kuanika na wingu lilishafunga upande wa bahari. Leo namjibu kwa kituo, maana ameniuliza pale pale panaponiuma.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mashine ya kufulia ya Hoover, ya mapipa mawili. Mjomba alikuwa baharia na ndiye aliyemletea, mwaka 1984. Pipa moja la kufulia, la pili la kukamulia. Ndani ya lile la kufulia kulikuwa na sahani yenye mbavu, imekaa ubavuni, ikianza kuzunguka maji yote yanachafuka kwa nguvu. Nguo unazitoa kwa koleo la mbao, unazipanga kwenye pipa la kukamulia, juu yake unalaza duara la mpira ili zisipande, ndipo unafunga kifuniko. Taimeri ilikuwa kitufe cha kuzungusha kwa mkono. Tukiwa barazani tuliisikia inavyohesabu, ikinyamaza tunakimbilia ndani. Maji hayakumwagwa ovyo: zinatangulia nyeupe, zinafuata za rangi, mwisho matambara ya jikoni, maji yale yale.

Mashine ile ilifua nepi za wadogo zangu, kanzu za Idi, na baadaye shuka za wateja wangu wa kwanza. Kwa miaka thelathini na zaidi ilibadilishwa mkanda, mpira wa kutolea maji, na sili, yaani mpira unaozuia maji yasipenye, ya pipa la kukamulia mara moja. Mkanda mama aliubadilisha mwenyewe, kwa bisibisi ya mjomba.

Mwaka 2017 niliiuza skrepa. Shilingi 35,000. Biashara ilikuwa imechangamka na niliona haya mteja kuikuta uani. Vijana waliibeba kwenye mkokoteni, mama amesimama mlangoni, hakusema neno. Kunyamaza kwake kule sijakusahau.

Nikanunua mpya, ya otomatiki, nyeupe inang'aa. Sisemi uongo, mwaka wa kwanza niliipenda. Unaweka nguo, unaondoka, unarudi zimekamuliwa. Hoover ilitaka usimame nayo mwanzo mpaka mwisho. Lakini miaka miwili na miezi miwili ikaanza kunguruma wakati wa kukamua, kila siku zaidi, mpaka jirani akauliza kama tumeleta jenereta. Watu wanaisifia Tanga yetu kwa waja leo waondoka leo. Mimi msemo huo niliuona kwenye mashine.

Fundi wangu wa Ngamiani alifungua bati la nyuma, akaangalia sana, kisha akaniita. Pipa la nje, lile linaloshika maji, lilikuwa la plastiki, nusu mbili zimeyeyushwa zikagandishwa pamoja. Akapitisha ukucha kwenye mshono, duara zima. Hakuna skrubu hata moja. "Dada, hapa hawakuacha mlango," akasema. Kilichokufa ni beringi, ile pete ya chuma yenye gololi inayozungushia pipa la ndani, kitu cha kuenea kiganjani. Sili ikichoka, maji yanapenya, yanaosha grisi, chuma kinashika kutu, ndiyo ule mngurumo. Lakini kuifikia beringi ilibidi kuagiza pipa zima kutoka Dar, laki nne na ushee. Niliporudi dukani nilionyeshwa karatasi: dhamana mwaka mmoja. Nilitoka pale nikilia, na siku hiyo shuka za nyumba nzima ya wageni nilizifua kwa mikono, mimi na mwanangu, hadi saa nane za usiku.

Tangu hapo nimejifunza mashine hizi kama mtu anayejifunza ugonjwa wa mwanawe. Zamani pipa la nje lilikuwa chuma kilichopakwa enameli au chuma kisichoshika kutu, likafungwa kwa skrubu au kwa pete ya kukaza. Viwanda vikaanza kushindana kwa bei. Plastiki ni rahisi na nyepesi, na kuyeyusha mshono kunakwenda haraka kuliko kufunga skrubu moja moja. Kiwanda cha Hoover cha Merthyr Tydfil, kule Wales, ambacho mjomba alikuwa akitutajia jina lake tukashindwa kulitamka, kilianza kutengeneza mashine za kufulia mwaka 1948 na kikaacha mwaka 2009. Kile cha Maytag, kampuni nyingine ya mashine za kufulia, cha mji wa Newton, Marekani, kilifungwa mwaka 2007. Ulaya wenyewe wamechoka: tangu Machi 2021 sheria yao inawataka watengenezaji wawe na vipuri vya mashine za kufulia kwa miaka 10 baada ya mashine ya mwisho kuingia sokoni. Lakini sheria hiyo inaruhusu beringi iuzwe pamoja na dramu, yaani pipa la ndani, kwa hiyo mshono bado upo.

Najua mtaniambia tunazoziona leo ni zile za zamani zilizokuwa imara, mbovu zilishakufa. Kweli. Ndiyo maana sikwambii nunua ya zamani. Nakwambia nunua inayofunguka.

Mdogo wangu, fungua bati la nyuma, au muuzaji alifungue. Mulika mshono wa pipa. Ukiona skrubu zimezunguka, hiyo inafunguka. Ukiona mshono laini, wewe na pipa mtazikana. Kisha shika dramu ya ndani, inyanyue juu, ishushe: ikicheza peke yake, pipa la nje limetulia, beringi imeondoka. Izungushe kwa mkono usikilize. Nyuma ya dramu kuna mguu wa pembe tatu unaoibeba, mara nyingi wa alumini, na sabuni na maji yetu ya visima yenye chumvi vinautafuna taratibu, kwa hiyo acha mlango wazi baada ya kufua na ufue kwa maji ya moto walau mara moja kwa wiki. Ya Marekani usiichukue, umeme wake ni volti 120 na sisi tunatumia 230. Ya Uingereza inakubali hapa. Na narudia, mshono kwanza.

Tuache kununua kwa macho, ndugu zangu. Kioo cha namba hakifui. Tunaona haya ya kitu kilichokwaruzika, tunatoa akiba ya miaka mitatu kwa kinachong'aa, kisha tunarudi kwenye beseni. Nimeona wanawake wanne hapa mjini wamefunga biashara kwa mshono ule ule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa aulize.

Mashine yangu ya sasa ni mtumba wa Uingereza, skrubu zimezunguka pipa zima. Mwezi uliopita ilianza kunguruma. Beringi mbili, namba 6205 na 6206, tulizipata duka la vipuri Ngamiani, fundi akaanza asubuhi na kabla ya adhuhuri shuka zikawa zinazunguka. Koleo la mbao la mama limetundikwa ukutani juu yake. Hilo watu wa skrepa hawakulichukua.

Mdogo wangu wa Muheza, ile iliyokwaruzika kaione kesho, na bisibisi mkononi. Muuzaji akikukataza kufungua bati la nyuma, usimpe hata shilingi. Nipigie, nitapanda basi nije tuifungue pamoja.