Digrii ya pili ya unesi Marekani, ada ntaitoa wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Nina digrii ya biashara ya Dar, sasa niko Texas na grinkadi, nalea wazee. Nataka ile programu ya unesi ya haraka, ya wenye digrii tayari, ila ada inanitisha.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza transkripti yako ifanyiwe tathmini ya kozi moja moja, vyuo vingi ndo wanachotaka. Masomo ya kuingilia kama anatomia, maikrobaiolojia na takwimu, kama huna soma komyuniti koleji (vile vyuo vya umma vya miaka miwili), ni nafuu mno, na usikimbize ukaambulia C maana ushindani ni mkali. Kuhusu hela, jaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, ila Pell Grant, ruzuku isiyorudishwa, usiihesabu kabisa, mwenye digrii hapewi hata kama kaipata nje, utabaki na mkopo wa serikali, kwa anayejitegemea mwisho kama dola 12,500 kwa mwaka, na programu zenyewe nyingi ni miezi 12 hadi 18 tu kwahiyo mara nyingi hautoshi. Ndo maana nakusihi uombe Nurse Corps, ufadhili wa serikali kwa wanaosomea unesi, wenye grinkadi wanaruhusiwa, wanalipa ada na posho ya kila mwezi, we unafanya kazi angalau miaka 2 penye uhaba wa manesi. Na kabla hujaacha kazi ulizia ratiba ya mafunzo ya wodini, kutwa nzima umesimama halafu usiku uingie shifti, utaumia.